Kipaza wa Chumba cha Watoto

Alizaliwa na sauti kubwa, na hakuna wa kulaumiwa. Mama yake alikuwa mtu wa kunong'ona. Baba yake hafungui kinywa mpaka asemeshwe. Yeye, tangu mchanga, akilia tu mtaa mzima unajua. Alipokua kidogo akawa ndiye wa kutumwa kuita watu, ingawa kutumwa kwenyewe hakukuwa na safari: alisimama mlangoni, akaita, na aliyeitwa akaja pamoja na wawili watatu ambao hawakuitwa. Shuleni walimu walimkalisha nyuma kabisa, na bado kila alichomnong'oneza mwenzake kilifika ubaoni. Maneno "punguza sauti" aliyasikia mara nyingi kuliko alivyolisikia jina lake.

Aliolewa na fundi redio, mwanamume mpole ambaye kutwa nzima hukaa ameinamia vyombo vinavyokwaruza, kwa hiyo sauti ya mke haikumsumbua. Mawifi ndio walionung'unika. Walisema bibi arusi huyu akikukaribisha unadhani anakufukuza. Mama yao akawakata kauli. Masikio ya yule mama yalikuwa yamekwisha kuzeeka kabla ya mwenyewe, na kwa muda mrefu alikuwa akiishi katika nyumba yake kama mgeni asiyejua lugha.

"Humu ndani huyu ndiye peke yake ninayemsikia," alisema. "Ninyi wengine naona midomo tu inachezacheza."

Tangu hapo mkwe na mama mkwe wakawa mtu na shoga yake.

Watoto wake walipoanza shule, alisomea ukutubi kwa masomo ya jioni, akapata cheti, akaomba kazi katika maktaba ya mji. Siku ya usaili, Mkutubi Mkuu alimuuliza ametoka wapi. Alipojibu, watu waliokuwa ukumbi wa kusomea, ng'ambo ya ukuta, wakainua vichwa. Mkutubi Mkuu akafumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa na jino. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya soli ya raba, na alitembea kimya kiasi kwamba wasomaji waliokuwa wakipiga soga hawakujua yupo mpaka kivuli chake kiangukie kwenye kitabu. Hakukaripia mtu. Aliweka kidole mdomoni tu, basi.

"Kazi umepata," alimwambia. "Lakini utakaa stoo."

Stoo alikaa muda mrefu. Alibandika lebo kwenye migongo ya vitabu, akapiga mihuri, akatia gundi, akashona kurasa zilizolegea. Mlinzi wa getini akambandika yeye jina la Kipaza, na kabla ya mwezi kuisha hata watu wa kaunta walikuwa wakimwita hivyo. Mwanzoni lilimchoma. Aliporudi nyumbani na kulalamika, mama mkwe aliuliza, "Kipaza si ndicho kile kinachowasaidia watu kusikia? Tatizo liko wapi?" Kipaza akaanza kuliitikia.

Kisha bibi aliyekuwa akiangalia chumba cha watoto akahamishwa, na kukawa hakuna wa kumpokea. Mkutubi Mkuu alishuka stoo mwenyewe.

"Kule kuna ua katikati," alisema. "Na mlango ni mnene."

"Mzee, naona kama unanifukuza."

"Nakupeleka mbali. Kukufukuza ni jambo jingine."

Chumba cha watoto kilikuwa na madirisha ya chini, rafu zinazokomea kiunoni, viti vidogo vilivyopakwa rangi kila kimoja yake, na zulia la kijani lililokwisha kunyonyoka katikati, pale watoto walipopenda kukaa. Paa lake lilikuwa likivuja, tena likivuja kwa ubaguzi, juu ya rafu ya hadithi. Mvua za mwaka ule ziliharibu vitabu vizuri vyote. Vilivyobaki vilikuwa vimesomwa hadi vimechakaa, na kila Jumamosi asubuhi, saa ya hadithi, Kipaza alianza sentensi na watoto wakaimaliza kwa pamoja kama wimbo wa shule. Ombi la vitabu vipya lilikuwa kwenye meza ya mtu fulani huko makao makuu, na mtu huyo alikuwa likizo.

Ndipo Jumamosi moja akafunga kitabu, akakiweka pajani, akasema, "Leo nawasimulia kisichoandikwa."

Akawasimulia habari za nchi yenye mfalme aliyependa kulala mchana. Kila akisinzia kwenye kiti chake cha enzi, anakuja mtu kumuuliza swali. Mfalme akachoka. Akafuga kunguru, akawafundisha kudokoa maneno kutoka vinywani mwa watu. Lilianza kutoweka neno "kwa nini". Watu wakaamka asubuhi wanalitafuta ulimini halipo, kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Likafuata "lakini". Likafuata "hapana". Kunguru wakayabeba yote hadi kwenye mnara usio na dirisha, yakafungiwa humo ndani ya chupa, na nchi nzima ikawa inasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama vyura.

Lakini mfalme alisahau kuifunga maktaba. Alidhani ni ghala la vumbi. Humo alikuwemo mkutubi mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa viatu vya raba, ambaye kunguru hawakupata kumsikia hata siku moja akipita. Na huyo mkutubi aligundua jambo: kunguru anaweza kudokoa neno mdomoni, ila hawezi kulidokoa kwenye karatasi. Basi akawa akipita nyumba hadi nyumba na kitabu kwapani, anawafungulia watoto ukurasa, anawaonyesha kwa kidole: hili hapa neno lenu, lisomeni.

Watoto hawakupumua. Kipaza mwenyewe hakujua hadithi imetoka wapi. Alijua tu kwamba katika chumba kile, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, sauti yake ilikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Alinguruma alipokuwa mfalme, akalia kama kunguru, na watoto wa nyuma wasioonekana vizuri walisikia sawa na wa mbele.

Jumamosi iliyofuata zulia lilijaa. Ile iliyofuata wakakaa hadi uani. Mkutubi Mkuu alipokuja kuona kuna nini, kitoto kimoja kikaruka juu na kupiga kelele, "Huyo hapo! Huyo ndiye!" na wote wakageuka kumtazama kwa heshima kubwa, hasa viatu vyake. Mkutubi Mkuu akabaki ameduwaa. Akaweka kidole mdomoni kwa mazoea tu, na watoto wakashangilia, maana ndivyo alivyokuwa akifanya yule wa kwenye hadithi. Aliondoka masikio yakiwa yamemwiva.

Kila sehemu ya hadithi ilionjwa kwanza nyumbani. Kipaza akipepeta mchele, mama mkwe akiwa kwenye kiti chake cha kamba, hadithi ikisimuliwa. Mara nyingi bibi kizee alisinzia katikati, kidevu kifuani, na ukinyamaza tu anafumbua jicho: "Endelea, nasikia." Usingizi wa mchana wa mfalme ulitoka kwenye kiti hicho, ukweli ndio huo. Kipaza hakumwambia mtu. Mkwe gani atatangaza kwamba mfalme katili amemwazima kwa mama mkwe wake?

Na kwa sababu hakutangaza, watu wakatafuta wenyewe. Meya wa mji naye alikuwa na sifa ya kusinzia vikaoni. Kila mtu alikuwa amepata kumwona hivyo, kidevu kifuani, mikono juu ya tumbo.

Aliyekuja kuuliza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mnene wa kujiheshimu, ambaye binti yake mdogo hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuja siku ya kazi, akasimama katikati ya viti vidogo kama tembo kwenye bustani ya mchicha.

"Dada," alianza, "nyumbani kwangu sasa hakukaliki. Namwambia mtoto akalale, ananiuliza kwa nini. Namwambia ale, anasema lakini. Jana kanitazama usoni, kasema hapana, halafu akasema, 'Baba, nilikuwa nalijaribu tu, kuona kama bado lipo.'"

Kipaza akauma midomo asicheke.

"Halafu huyo mfalme anayelala mchana," mwenyekiti akaendelea. "Ni nani?"

"Ni mfalme, Bwana Mwenyekiti."

"Mfalme yupi?"

"Wa kwenye hadithi."

"Dada, mimi si mtoto. Mji huu una mtu mmoja tu anayejulikana kwa kulala mchana, na ndiye anayesaini fedha za maktaba. Mimi ndiye nitakayeulizwa. Hadithi hii isimame mpaka kamati ikae."

Kipaza alivuka ua hadi ofisini kwa Mkutubi Mkuu, akamweleza yote, na ukumbi mzima wa kusomea ukayasikia bila kutaka. Mkutubi Mkuu alisikiliza huku akipanga kalamu zake. Mwisho akasema, "Subiri kamati ikae." Kipaza akarudi chumbani kwake moyo umemfa ganzi. Alikuwa amemfanya yule mzee shujaa mbele ya watoto wa mji mzima, na yeye hata kusema "pole" kumemshinda.

Jumamosi ilipofika, watoto walikaa tayari. Mara ya mwisho waliwaacha mkutubi na msaidizi wake, binti wa mfua vyuma, wamepanda rafu ya vitabu, rafu imepaa, kila kitabu kikipiga kurasa zake kama mabawa, na iko angani mbele ya mlango wa mnara, kunguru wakiizunguka pande zote. Kuwaacha watu hapo ni ukatili, na Kipaza aliujua. Aliwaza awadanganye kwamba anaumwa koo. Lakini hakuna ambaye angemwamini. Koo lile halikuwa la kuumwa.

"Leo hakuna hadithi," alisema. "Nimeambiwa nisiendelee kwanza. Watu wazima watakaa walizungumze."

"Kwa nini?" wakauliza wote kwa mara moja.

"Kuna ambao haikuwapendeza."

Binti wa mwenyekiti, aliyekaa kwenye kiti chekundu, akainua mkono. "Nani kasema usiendelee?"

Kipaza alimtazama yule mtoto. Jibu lilikuwa mdomoni kabisa, na kwa sauti yake lingefika mbali. Akalimeza. "Mtu mwenye haki ya kutoipenda," alisema. "Chukueni vitabu mchore humo... msichore! Chukueni karatasi mchore."

Wakachora minara. Chumba kizima kilikuwa minara mitupu.

Wiki ile wazazi hawakupata raha. Watoto wakiwa hawana mwisho wa hadithi, waliutafuta kwa kila waliyemwona. Mama mmoja muuza vitambaa alikuja kaunta kuuliza kama ule mlango ulifunguka au haukufunguka, maana mwanawe hali chakula. Dereva wa lori alisema yeye ametunga mwisho wake mwenyewe barabarani ili mtoto alale, na mtoto amemwambia ni mbovu. Nyumbani, mama mkwe alikuwa wa kwanza kuja juu.

"Kamati ndiyo nini?" aliuliza. "Mimi umri huu wananisubirisha? Niambie mimi tu, sitamwambia mtu."

"Mama, nikikwambia na usiposikia vizuri nitarudia kwa sauti, na mtaa mzima utajua."

Fundi redio, ambaye hakuwa na desturi ya kutia neno, aliinua uso kutoka kwenye chakula. "Wakikukataza," alisema, "utamalizia hapa uani kwetu. Viti nitatengeneza." Kisha akaendelea kula. Kipaza ilibidi anyanyuke kwenda kutazama maji jikoni, ingawa hakuwa amebandika maji yoyote.

Kamati ilikaa ukumbi wa kusomea baada ya wasomaji kutoka. Walikuwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu, muuguzi wa zahanati, na Mkutubi Mkuu kama katibu. Kipaza alipewa kiti pembeni. Mwenyekiti alieleza vizuri, bila matusi. Alisema maktaba ni mahali pa vitabu vilivyokaguliwa, si pa maneno yanayotoka kichwani mwa mtu. Alisema watoto wanafundishwa ubishi. Alisema mkubwa akiudhika, hata lile paa linalovuja halitazibwa.

Muuguzi aliuliza kama haiwezekani kumbadilisha mfalme, awe jitu au simba. Mwalimu mstaafu akasema yeye hakuona ubaya, ila angependa hadithi iwe na mafunzo. Wote wakamgeukia Kipaza.

"Nikimfanya simba watoto watajua nimeambiwa," alisema, akijitahidi kupunguza sauti na kushindwa. "Na mimi sikumsema mtu. Huyo mfalme nimemtoa nyumbani kwangu, na kwa heshima ya mtu sitasema ni nani."

Hapo Mkutubi Mkuu akaweka kalamu chini. Aliongea taratibu kama kawaida yake, ikawabidi wote wainame kumsikia.

"Katika jengo hili mwenye kazi ya kunyamazisha watu ni mimi," alisema. "Nimeifanya tangu nywele zangu ni nyeusi. Nimewanyamazisha wanafunzi, wazee, askari, na siku moja nilimnyamazisha meya mwenyewe, maana alikuwa anakoroma. Huyu dada nimemnyamazisha kuliko wote. Lakini nimewanyamazisha kwa sababu ya kelele, ili mwenzao wa pembeni apate kusoma. Sijawahi kumnyamazisha mtu kwa sababu ya alichosema. Nikianza leo, kesho nitabaki na vitabu vipi? Maana kila kitabu kwenye rafu hizi kina mtu wa kuudhika nacho. Nitabaki na kamusi, tena si nzima."

Muuguzi alicheka, akajizuia. Mwenyekiti hakucheka.

"Na paa?" aliuliza.

"Paa limevuja kabla ya hadithi," Mkutubi Mkuu akajibu.

Walibishana mpaka jua likateremka kwenye madirisha. Mwishowe mwalimu mstaafu akaungana na muuguzi: hadithi iendelee, mlango uwe wazi, na mzazi au mjumbe yeyote akitaka kukaa asikilize na aseme lake, akae. Mwenyekiti alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga. Kipaza akamfuata Mkutubi Mkuu ngazini kumshukuru. "Shii," akajibiwa. "Bado kuna mtu anasoma kule kona." Na kweli alikuwepo, mwanafunzi mmoja aliyesahauliwa, mdomo wazi, amesikia kikao chote.

Jumamosi ile walikuja watoto na wakubwa. Mama muuza vitambaa alikuja. Dereva wa lori alikaa sakafuni. Fundi redio alimleta mama yake akamkalisha mbele kabisa. Hadithi ilipokuwa imeshika moto, mwenyekiti akaingia, akatafuta pa kukaa, akaishia kwenye kiti cha njano kilichomfikisha magoti kidevuni.

Kipaza hakumwangalia. Rafu ilikuwa angani, kunguru wanarukia macho, mkutubi wa hadithi ametoa funguo zake za maktaba, anajaribu mmoja baada ya mwingine kwenye kufuli la mnara.

"Hautafunguka," ikasikika sauti.

Wote wakageuka. Mwenyekiti alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi, pengine bila kujua.

"Kufuli la mnara ni kubwa," alisema. "Funguo za maktaba ni za makabati. Hilo haliwezekani."

Kipaza angeweza kumjibu kwamba katika hadithi hii rafu zinaruka. Lakini alimwona yule mtu alivyokunja uso, si kwa hasira, kwa hesabu.

"Basi wewe ungefanyaje, Bwana Mwenyekiti?"

"Kufuli ningeliacha. Mlango umeshikwa na bawaba upande wa pili. Bawaba ina pini. Ukiigonga pini kwa chini inatoka, mlango unaanguka wenyewe, na kufuli lake."

Binti yake akaruka kutoka kiti chekundu. "Na binti wa mfua vyuma ana nyundo!"

"Anayo," akasema Kipaza, ambaye mpaka dakika ile hakuwa amejua hilo. Akanguruma, akagonga rafu kwa kiganja, ko, ko, ko, na mlango ukaanguka. Chupa zikapasuka. "Kwa nini" likatoka la kwanza, "lakini" likafuata, na "hapana" likatoka mwisho, limevimba kwa hasira ya kufungiwa, likampita mfalme sikioni likamwamsha. Watoto walipiga kelele hadi ng'ambo ya ua. Mama mkwe alikuwa macho muda wote.

Watu walipokuwa wakitoka, mwenyekiti alisita mlangoni.

"Bado sijaipenda hadithi hii," alisema.

"Ni haki yako," akajibu Kipaza. "Ukija tena utuambie usichokipenda."

Paa halikuzibwa mwaka ule, wala hakuna aliyesema ni kwa sababu gani. Fundi redio na dereva wa lori walisogeza rafu ya hadithi upande mkavu, na vitabu vipya vilikuja vichache, baada ya yule mtu wa makao makuu kurudi kutoka likizo.

Jumamosi iliyofuata watoto walidai hadithi nyingine, na Kipaza hakuwa nayo. Kichwa kilikuwa kitupu. Binti wa mwenyekiti akasema yeye anayo. Akaja mbele, akashika pindo la gauni lake, akaanza habari za samaki aliyechoshwa na maji. Ilikuwa hadithi ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Samaki alipanda mlima, akaolewa, akafungua duka, akasahaulika kabisa, akarudi akiwa ndege. Mara kadhaa Kipaza alitaka kuingilia ainyooshe kidogo, mdomo ukafunguka, akaufunga. Alikaa kwenye zulia kati ya watoto, mikono magotini, akasikiliza. Mlinzi alipokuja kufunga madirisha, samaki alikuwa ndiyo kwanza anatafuta nyumba ya kupanga. Mlinzi akasimama kidogo, akavuta kiti, akauliza kwa sauti ya chini ameanzia wapi.